Kipande changu Msongola kimejaa ukoka na ndago, mvua za masika zinakaribia. Nianzie wapi?

Fundi Cherehani wa Yombo

Habari za usiku wakuu. Wakubwa zangu shikamooni.

Mimi ni fundi cherehani hapa Yombo Vituka, nina miaka 56. Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kina akina mama 14. Mwisho wa mwaka tulikubaliana fedha za mgao tusizile zote, tukakodi shamba Msongola kwa miaka mitatu. Tukalipima kwa kamba, vikatoka vipande vya mita 15 kwa 20. Namba tuliandika kwenye vikaratasi, tukavitia kwenye kapu, kila mtu akachomoa chake. Mimi nilichomoa 9, kiko mwisho kabisa, kinapakana na uzio wa minyaa wa jirani. Wenzangu wa mbele wamekuta ardhi iliyowahi kulimwa. Changu, mwenye shamba anasema, hakijaguswa tangu mwanawe wa mwisho aanze darasa la kwanza, na sasa huyo mtoto yuko kidato cha pili. Majani yalikuwa yananifika kifuani.

Tarehe 10 Januari nilichukua vijana wawili wa pale pale, nikawapa elfu ishirini kila mmoja, wakafyeka kutwa nzima. Kazi yao ilikuwa nzuri. Nilisimama mwanzo wa kipande nikaona mpaka kwenye minyaa, nikamwambia binti yangu wiki ijayo tunatia mchicha. Usiku mmoja ikapita mvua, ya kulowesha tu. Niliporudi baada ya siku tisa kijani kimetanda kipande kizima, kinafika kwenye kifundo cha mguu, tena kimeshonana kuliko mwanzo. Niliigeuza ndoo nikaikalia, nikawa naangalia tu.

Nikachimba kwa mkono nijue ni nini hasa. Yako majani ya aina tatu. La kwanza linatambaa, lina pingili, na chini ya mchanga lina mizizi mieupe, migumu, yenye ncha kama sindano ya cherehani namba 18. La pili ni fupi, linang'aa, shina lake ukilizungusha kwenye vidole unasikia pembe tatu. Ukilivuta linakatika bila shida, lakini ukichimba unakuta kijiazi cheusi kama karanga, kina harufu kali ya dawa, na kutoka hapo kuna kiuzi kinakwenda kwenye kijiazi kingine, na kingine. La tatu ni refu, limesimama mashina mashina kama fagio. Halafu kwenye kona ya uzio kuna mmea umepanda juu ya minyaa, una maganda makavu ya msimu uliopita yenye manyoya ya kahawia. Nadhani ni upupu. Sijausogelea.

Ushauri nilioupata mpaka sasa: vijana wanasema tuchome moto. Mama wa kipande namba 3 anasema nipulize dawa. Shemeji yangu anasema nikodi pawatila ya kulimia, ipite mara mbili, kwisha kazi.

Kanuni tuliyojiwekea ni kwamba kipande kisichopandwa mvua za masika zikianza kinarudi kwenye kikundi. Sitaki kukipoteza. Nina siku mbili kwa wiki, Alhamisi na Jumamosi. Nina jembe, panga, reki ya kuazima, na kama elfu sitini ya kutumia. Mgongo wangu ni wa mtu aliyekaa kwenye cherehani miaka thelathini. Na Jumamosi nakwenda na mjukuu wangu wa miaka sita, sina wa kumwachia. Naombeni anayeijua kazi hii anielekeze.

Mzee wa Bondeni

Marahaba mama, pole sana na kazi. Nimelima mchicha na matembele bondeni kwa miaka mingi, na hayo majani yako nayajua kwa jina. La kutambaa ni ukoka. La pembe tatu ni ndago. Lile la fagio ni nyasi ndefu tu, na hilo ndilo jepesi kuliko yote, piga jembe chini kidogo ya shina, ling'oe, pindua mizizi juu, basi.

Nikueleze kwanza kwa nini yamerudi mengi kuliko mwanzo, maana hapo ndipo wengi wanapokata tamaa wakidhani wamelogwa shamba. Yale marefu yaliyokufika kifuani yalikuwa yanawawekea ukoka na ndago kivuli. Ukoka hauwezi kivuli kabisa, na ndago vilevile. Siku ile mlipofyeka, mliwafungulia jua. Mvua ikaongezea.

Moto, usithubutu. Wafugaji wanachoma nyika kwa makusudi ili majani mabichi yachipue wapate malisho. Sasa wewe unataka malisho? Moto unapita juu, mizizi iko chini imelala salama. Na udongo wa huko Msongola kwa sehemu kubwa ni mchanga, hauna mboji ya kutupa. Hayo majani yaliyofyekwa ni mali yako, yakusanye upande mmoja, utayahitaji kwa matandazo. Yenye mbegu yatenge.

Pawatila ni mbaya zaidi kuliko moto kwa shamba lenye ukoka. Kila pingili ya ukoka ina uwezo wa kuota. Ile mashine itakukatia mzizi mmoja vipande hamsini na kukupandia vyote kwa mstari. Shemeji yako ana nia njema, lakini kwa hili asikilizwe mwakani, mwaka huu hapana.

Sasa kazi yenyewe. Usilime kipande chote. Pima kwa kamba mita 6 tu za upande wa njia, kwa upana wako wote wa mita 15. Hapo yanatoka matuta manne ya upana wa mita moja na robo hivi, na vijia vya kupita katikati. Hilo ndilo shamba lako la mwaka huu. Linatosha kulisha nyumba na kuuza mafungu.

Azima jembe la meno, lile lenye vidole kama uma. Jembe bapa linakata mizizi, la meno linainyanyua. Anzia pembeni, chimbua kina cha shubiri moja, inua bonge, litikise mchanga udondoke, halafu vuta mzizi polepole uutoe mzima. Usichanganye na majani ya matandazo. Utandaze juu ya bati au turubai, jua la kaskazi la sasa hivi liukaushe. Hapa una bahati ya msimu, mama. Januari na Februari jua hili ni kibarua asiyelipwa. Geuza kila ukienda. Ukishika mzizi ukapinda, bado uko hai. Ukikatika kwa mlio, umekufa, huo hata kwenye mboji unaingia.

Ndago sitakudanganya. Ndago hutaimaliza mwaka huu, na anayekwambia kuna njia ya kuimaliza kwa wiki mbili anakuuzia kitu. Ila vile vijiazi vyake vinachukia kukauka. Ukishachimbua tuta, okota unavyoviona, halafu liache wazi siku kadhaa, uligeuze tena, jua liingie. Vingi vitakufa. Vitakavyobaki vitachipua mvua ikinyesha. Hapo ndipo pa kuwa macho: ng'oa kila inapofikisha majani manne au matano, usingoje. Kwa wakati huo kijiazi kimetumia akiba yake kuotesha majani na bado hakijazaa vingine. Ukichelewa mpaka itoe maua, chini kuna ukoo mpya.

Zile mita 14 za nyuma zifunike. Turubai chakavu la lori, maboksi, chochote kinachozuia mwanga. Usitumie viroba peke yake, jua linavichambua vinabaki nyuzi nyuzi shambani miaka yote.

Kijana wa Pembejeo

Shikamoo mama, na shikamoo mzee hapo juu. Mimi niko dukani kwenye pembejeo kwa hiyo mtaona nina upande, lakini nitasema ninachokijua.

Dawa anayoisema mama wa namba 3 bila shaka ni glaifoseti, dawa ya kuua majani. Inafanya kazi kwa ukoka, kwa sababu inaingia kupitia majani mabichi na kushuka mpaka kwenye mizizi. Watu wengi wanaitumia vibaya ndiyo maana wanasema ni feki. Wanafyeka leo wanapuliza kesho, wakati jani la kuipokea halipo. Inatakiwa majani yachipue kwanza yafike kama shubiri, yawe mabichi, yasiwe na vumbi. Maji ya kuchanganyia yawe safi, maji ya tope yanaishika dawa haifiki popote. Isinyeshe mvua saa chache baada ya kupuliza. Halafu usiguse udongo wiki mbili, uiache ishuke. Kwa ndago ni lazima urudie, na bado itabaki kiasi.

Upande wa pili nao niuseme. Haichagui. Upepo ukiipeleka kwenye mchicha wa namba 8, mchicha wa namba 8 umekwisha. Mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Wadhibiti wa nchi nyingine, wakiwemo wa Ulaya, hawakukubaliana na hilo, na bado inauzwa kihalali. Ila mimi mteja akiniambia anakwenda shambani na mtoto wa miaka sita, namwambia siku ya dawa mtoto asiwepo kabisa, na avae glavu, buti na barakoa, na kopo likiisha lisichotewe maji hata siku moja. Mama, kwenu kuna kisima cha pamoja?

Dada wa Kivule

Mama shikamoo. Sina mengi ila haya matatu nayasema kwa sababu nimeyaona kwa macho.

Minyaa ile usiikate kwa panga ukiwa umeinua uso. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni ni hospitali siku hiyo hiyo. Mdogo wangu aliona ukungu siku nne, tulidhani jicho limekwenda. Ukiugusa tu mkononi, nawa kabla hujajifuta jasho. Na mjukuu akae upande wa njia, mbali na uzio.

Upupu, nenda asubuhi na mapema umande ukiwepo, manyoya yanakuwa hayaruki. Mikono mirefu, kitambaa shingoni. Kata shina chini, yale maganda yafunike na kiroba kilicholoa ndipo uyavute. Ukishikwa usijikune, kujikuna ndiko kunakoyazamisha. Bandika selotepu ubandue, bandika ubandue.

Nyoka. Yale majani uliyoyarundika wiki mbili sasa ni nyumba. Kabla ya kuyashika yapige kwa fimbo ndefu, ngoja, ndipo utumie reki, usitumie mkono. Buti za mpira kila siku, hata jua likiwa kali namna gani. Mungu apishe mbali, mtu akiumwa asichanjwe wala asifungwe kamba ya kubana, atulizwe, asitembee, apelekwe hospitali moja kwa moja.

Fundi Cherehani wa Yombo

Asanteni sana. Nimesoma yote mara mbili, ya Mzee nimeyanakili kwenye daftari la vipimo vya wateja.

Kijana, ndiyo, kisima ni kimoja na kiko kati ya namba 7 na 8, na hapo ndipo mjukuu wangu anapochezea maji. Nimelipeleka swali lako kwenye kikao cha Jumapili. Tumekubaliana wote 14, hata mama wa namba 3, kwamba dawa haitapulizwa mwaka huu. Nakushukuru kwamba ulisema pande zote mbili wakati una duka.

Mzee, swali moja. Mita 14 za nyuma nikizifunika, si zitahesabiwa hazijapandwa?

Mzee wa Bondeni

Panda juu yake, mama. Kwenye maboksi toboa tundu kila baada ya mita mbili, chimba shimo la upana wa sufuria, ondoa mizizi ya hapo tu, tia samadi iliyooza, weka mbegu tatu za maboga. Mche wa boga unatambaa, majani yake mapana yanafanya kazi ya boksi hata boksi likishaoza. Unakula majani, unakula boga. Sehemu isiyo na boksi tia kunde za kutambaa au marando ya matembele, uyabananishe. Unatafuta kivuli, kile kile ulichokiondoa Januari, ila safari hii kiwe kivuli kinacholiwa.

Samadi ya kuku iache ipoe kabisa, mbichi itaunguza miche. Ya ng'ombe uliza imekaa muda gani, mara nyingi inakuja na mbegu za majani ndani yake.

Fundi Cherehani wa Yombo

Wakuu, nimerudi kutoa ripoti. Leo ni tarehe 14 Aprili.

Tuta la kwanza lilinichukua Alhamisi mbili na Jumamosi moja. Nililia kidogo siku ya kwanza, nasema kweli. Kutoka saa 1 asubuhi mpaka saa 5 nilikuwa nimesogea mita nne tu, na jua limeshapanda. Nilikuwa navuta kwa nguvu, mizizi inakatika, najua kabisa nusu imebaki chini. Siku ya pili nikatulia nikajiuliza, ukiwa na nguo ya mteja imeshonwa vibaya unafanyaje? Mshono ukiufumua kwa hasira uzi unakatika, kitambaa kinachanika. Unafuata tundu moja moja, unainua, uzi unatoka mrefu. Nikaanza kuufumua ukoka namna hiyo. Naweka vidole chini ya pingili, nausikiliza unakwenda wapi, nautikisia mchanga, nafuata. Nilitoa mmoja mrefu kuliko futi yangu ya kupimia, na ile ni sentimita 150. Niliuleta nyumbani kumwonyesha binti yangu.

Kwa mgongo nilipata dawa yangu: nafanya kazi nimekaa kwenye kigoda cha mbuzi, ile mbuzi ya kukunia nazi niliyoing'oa meno. Nachimbua sehemu ndogo nikiwa nimesimama, halafu nakaa nafumua. Mjukuu kazi yake ilikuwa kuokota vijiazi vya ndago na kuvitia kwenye kopo la rangi. Anavihesabu. Jumamosi moja alifika 212, akasema nimlipe.

Tuta la tatu na la nne nilichukua kijana mmoja kwa siku mbili, elfu kumi na tano kwa siku. Nilisimama naye. Mara ya kwanza alipokata mzizi kwa jembe nilimwomba alitue, nikamwonyesha. Baada ya hapo alikuwa anafumua vizuri kuliko mimi, vidole vyake vina nguvu. Turubai nilipata kwenye gereji ya malori, kuukuu lakini zima, elfu ishirini. Kwa hiyo elfu hamsini imekwenda, elfu kumi iliyobaki ikawa ya samadi na nauli ya kuileta. Maboksi ni ya bure, maduka ya vitambaa Kariakoo ninakonunua wananijua, waliniwekea mpaka nikashindwa kubeba.

Ukoka uliokauka ulijaa viroba 11. Ulikatika kwa mlio kama Mzee alivyosema, nikautia kwenye shimo la mboji.

Upupu niliutoa saa 12 asubuhi kwa maelekezo ya Dada wa Kivule. Ulinigusa kidogo kwenye kiwiko, selotepu ikasaidia. Na kwenye rundo la majani, nilipopiga fimbo, kuna kitu kilitoka kikaelekea kwenye minyaa. Sikukiona vizuri na sikukifuata. Ningekuwa nimeingiza mkono.

Mvua zilipoanza nilikuwa na matuta manne tayari na maboga yamechomoza kwenye mashimo 18. Kikundi kilikuja kukagua, namba 9 ikapita. Mchicha nimevuna mara ya kwanza Alhamisi iliyopita, siku ya 24 tangu niusie. Bamia zina majani sita.

Yasiyokwenda vizuri ni haya. Tuta la kwanza, lile nililovuta kwa hasira, ukoka umechomoza sehemu nyingi. La pili, la tatu na la nne ni mmoja mmoja tu. Ndago imetokea kwenye matuta yote, imetokea hata kwenye tundu za maboga, na boksi moja imelitoboa kabisa kwa ncha yake kama msumari. Nang'oa kila Alhamisi na Jumamosi kabla sijafanya kitu kingine. Sehemu ya matembele imeziba vizuri na ndago ya hapo imekonda, imekuwa njano njano.

Mzee, nina jambo. Ukoka wa namba 8 unavuka mpaka kuja kwangu, unatambaa juu kwa juu, kwa wiki unasogea kama shubiri. Mwenye namba 8 ni rafiki yangu na ni mgonjwa wa miguu, siwezi kumgombeza.

Mzee wa Bondeni

Hongera sana mama. Nimeisoma ripoti hii na mke wangu.

Chimba mtaro mpakani, kina cha shubiri moja, upana wa jembe. Uache wazi, usiujaze. Ukoka ukifika hapo unaning'inia hewani, unauona, unaukata siku hiyo hiyo. Pita na jembe humo kila wiki mbili. Lile tuta la kwanza, bamia zikiisha usilifufue kwa mboga nyingine. Lifunue tena kipupwe kikiingia, mwezi wa sita mchanga ukikauka, ulifumue upya kwa mkono ulionao sasa.

Fundi Cherehani wa Yombo

Nimeongea naye jana usiku. Amesema mtaro huo uwe wa wote wawili, yeye atakaa kwenye kigoda upande wake na mimi upande wangu. Nimempelekea ile mbuzi ya nazi, mimi nitatafuta nyingine. Tunaanza Jumamosi saa 1.